Mpelelezi asiye na bastola

Bwana Msa hana bastola. Hana gari la kukimbizana na watu, wala hana mkubwa wa kumwamsha usiku wa manane amwambie taifa liko hatarini. Ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana tabia moja inayowamaliza wahalifu taratibu: anakaa kitako na kuongea. Anakaribishwa, anaulizwa habari, anajibu, naye anauliza za kwake. Msomaji mwenye haraka anaona kurasa zinakwenda tu bila tukio. Akifika mwisho ndipo anapong'amua kuwa tukio lilipita palepale kwenye salamu, yeye akiruka mistari kutafuta maiti.

Nasoma riwaya za upelelezi za Kiswahili tangu sekondari, na kila ninavyozidi kukaa hapa Moshi ndivyo ninavyozidi kushikilia jambo ambalo rafiki zangu wapenda Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Musiba, hawataki kulisikia. Mpelelezi anayeufaa mji kama huu ni wa mazungumzo, na siri inayoufaa ni ya nasaba. Risasi tuwaachie Dar es Salaam.

Aliyemuumba Bwana Msa, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuingia magazetini alikuwa mkaguzi katika idara ya afya. Kwa lugha ya mitaani, bwana afya. Alifanya kazi hiyo kwa karibu miaka 10, na wanaoandika habari zake huipitia kwa mstari mmoja kisha wakakimbilia vitabu. Mimi naona wangesimama hapo kidogo. Bwana afya haishii sebuleni. Anazunguka uani, anafunua pipa, anachungulia kisima, anauliza maji machafu yanaelekea wapi, huku mwenye nyumba akitabasamu na kujisogeza mbele ya mlango ambao hataki ufunguliwe. Miaka 10 ya kutazamana na watu wa namna hiyo ni chuo tosha cha upelelezi. Baadaye akawa mhariri, kwanza Zanzibar, kisha Dar es Salaam kwenye gazeti la Mkulima, na hapo tena ni kazi ya kusikiliza watu wakieleza mambo nusunusu.

Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, lile shirika la vitabu lililokuwa na makao yake Nairobi, ukachapwa kitabu mwaka 1960. Bwana Ali, mtu wa mali na mashamba, anakutwa ameuawa kwenye mzimu, mahali ambapo watu hutambika, na kwa wengi pale kesi imekwisha: mzimu umechukua mtu wake, nani atampinga mzimu? Bwana Msa habishani na mtu juu ya mizimu. Anauliza tu nani alikuwa wapi, nani anamdai nani, nani aliolewa na nani zamani. Kisima cha Giningi kilichofuata mwaka 1968 kina mchezo uleule. Giningi, kwa wasiojua, ni ule mji wa wachawi katika masimulizi ya Wazanzibari, na mwandishi analitundika jina hilo mlangoni makusudi ili wewe mwenyewe uingie ukiwa umeshaogopa.

Harufu ya Sherlock Holmes imo, hakuna haja ya kuificha. Kiko kimo, rafiki wa kumshangaa mwerevu yumo, na ule mkutano wa mwisho ambapo kila kitu kinafumuliwa umo pia. Lakini Holmes husoma matope kwenye viatu na majivu ya sigara, na Bwana Msa husoma watu. Angalia tu majina ya vitabu vilivyokuja baadaye: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Mara nyingi kinachotafutwa humo ni mzazi, mtoto au mrithi. Mauaji yakiwemo, ni mlango wa kuingilia. Ukishaingia unakuta nyumba nzima imejengwa juu ya jambo lililofanyika kabla wahusika vijana hawajazaliwa, na wazee wote walilijua.

Wahakiki wamemlaumu kwa jambo moja, nao wana haki kiasi. Zanzibar yake haina saa. Mkoloni haonekani sawasawa, na Mapinduzi ya 1964 hayabishi hodi hata kwenye vitabu alivyoandika miaka mingi baada yake. Mtu aliyetoka kwenye kisiwa kilichopinduka namna ile, akaendelea kuandika mabwana wa mashamba na wajakazi kana kwamba jana haijaisha, lazima aulizwe. Mimi namuuliza, halafu naendelea kusoma, kwa sababu kwenye jambo analolijua hana mpinzani.

Shuleni kwetu maktaba ilikuwa na nakala moja ya kitabu chake, imeshonwa upya kwa uzi wa gunia, jalada halina. Ukurasa wa kwanza kabisa, juu kulia, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: "Muuaji ni" na jina. Chini yake, mwandiko mwingine: "Muongo huyu. Muuaji ni" na jina jingine. Chini yake tena, kwa penseli, mwandiko mdogo wa mtu mwenye subira: "Wote wawili hawakumaliza kitabu." Na huyo wa tatu hakutaja jina. Nilisoma riwaya ile nikiwa na kesi mbili mkononi, ya Bwana Msa na ya hao wanafunzi watatu. Sitasema nani alikuwa sahihi, maana nakala ile huenda bado ipo na kuna mtoto wa kidato cha pili anakaribia kuifungua.

Sasa niseme kwa nini nasaba. Kulikuwa na msiba kwetu, huko juu. Kijiji sikitaji, wahusika wengi wako hai na wana simu zenye intaneti. Baada ya maziko, vijana wawili waliokaa na daftari la rambirambi wakagundua karatasi moja imechanwa, ya katikati, yenye majina ya watu waliofika asubuhi ya kuchelewa. Ikaanza minong'ono, ikawa sauti, mpaka baba mmoja akasimama akasema hapa haondoki mtu mpaka mifuko ipekuliwe. Shangazi yangu alikuwa jikoni, khanga kiunoni, masizi mpaka kwenye viwiko. Akaja, akaomba mambo mawili. Fedha zote zilizomo zihesabiwe. Kisha yajumlishwe yale majina yaliyobaki kwenye daftari.

Fedha zikazidi.

"Sasa ni mwizi gani huyo," akasema, "anachana karatasi halafu anaacha hela?"

Wanaume wakakaa chini. Shangazi akarudi jikoni, na upelelezi wenyewe ukafanyikia huko, kwenye beseni la ndizi. Hakumuuliza mtu nani kachana. Aliwauliza wanawake waliokuwa wakimenya, mmoja mmoja, alipotoa rambirambi alisimama nyuma ya nani. Huyu alikuwa nyuma ya mama wa dukani. Yule nyuma ya katekista. Mwingine nyuma ya huyo mwingine. Foleni nzima ikarudi, mtu kwa mtu, na katikati yake pakabaki pengo la mtu mmoja: mwanamke mgeni, kitenge cha bluu, alitoa elfu hamsini akaondoka kabla ya chakula. Alijiandikishaje? Binti aliyekuwa nyuma yake alisikia. Alijiandikisha kwa jina la mtoto, Mama Fulani, na huyo Fulani akatajwa majina mawili, la pili likiwa la marehemu.

Basi. Jioni ile mjane angeketi na daftari kusoma nani alikuja na nani hakuja, kama wajane wanavyofanya, na kuna kijana wa nyumba ile hakutaka mama yake aufikie ule mstari. Jikoni hakuna aliyetaja jina lake, na hakuna ambaye hakumjua. Shangazi akanawa mikono, akatoka nje, akatangaza kuwa ile karatasi ilimwagikiwa na supu ikatupwa, hesabu imetimia, watu wakae wale.

Hapo ndipo Bwana Msa na mwenzake wa Uingereza wanapoachana. Holmes akishajua, kwa kawaida anasema. Kwetu mpelelezi akishajua ndipo kazi ngumu inaanza: amwambie nani, kwa maneno gani, na ni kiasi gani cha ukweli ambacho ukoo unaweza kukibeba siku ya maziko. Riwaya nzima inaweza kukaa kwenye swali hilo. Sijui kwa nini tumeliacha.

Au tuseme najua kidogo. Tuliliacha kwa sababu Dar es Salaam ilikua. Mwaka 1965 Faraji Katalambula alitoa Simu ya Kifo, na kwa Inspekta Wingo mpelelezi akawa askari wa jiji: mtu wa ofisi, wa mshahara, anayefanya kazi kati ya watu wasiojuana. Simu yenyewe ya kwenye jina ni habari tosha. Kwenye kijiji cha Bwana Msa habari mbaya huletwa na mtu, unamwona usoni. Kwa Katalambula inaletwa na chombo kisicho na uso. Kitabu hicho kilisomwa sana, na kinastahili. Wakafuata wengi: John Simbamwene, Eddie Ganzel na Ndoto ya Mwendawazimu, Hammie Rajab ambaye baadaye aliingia pia kwenye filamu. Siwezi kuwapitia wote hapa, na wengine, kusema kweli, nimewasoma mara moja zikatosha.

Wawili ndio waliobeba nyakati. Aristablus Elvis Musiba alimleta Willy Gamba mwaka 1974 kwenye Kufa na Kupona, ambapo nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa na kijana wetu anatumwa Nairobi kuzifuata. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akamleta Joram Kiango. Watu hufanya mzaha kwamba hawa ni James Bond wa Kiswahili, na ni kweli wanavaa vizuri kupita mishahara yao. Ila tukumbuke walizaliwa wapi. Tangu 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Jiji lilikuwa na ofisi za vyama vya ukombozi, watu wenye majina ya bandia, na adui wa kweli kule kusini, kaburu, aliyekuwa na majasusi wa kweli na mabomu ya kweli. Mwandishi hakuhitaji kubuni njama. Alihitaji tu kufungua dirisha. Ndiyo maana vitabu vile vina hasira ambayo huipati kwa Bond: Willy Gamba akimpiga mtu, anampiga kwa niaba ya bara zima.

Ninachowalaumu ni kwamba wako uwanja wa ndege muda wote. Wanatua, wanachukua teksi, hoteli, bafu, bia, msichana mzuri kupita kiasi ambaye mara nyingi ni jasusi. Mtaa hauna muda wa kuwajua, wala wao hawana muda wa kuujua. Na wanawake wao, samahani, wameandikwa na mtu aliyekaa kaunta. Mtobwa alikuwa na jicho pana zaidi alipotaka. Dar es Salaam Usiku unalionyesha jiji lenyewe, wenye pesa na walalahoi wake, kwa namna ambayo Joram na mbio zake hakuwa na nafasi ya kuionyesha. Mtobwa pia alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, maana aliona mapema kwamba ukimsubiri mchapishaji utazeeka. Alifariki mwaka 2008, Musiba 2010. Tangu hapo kiti chao kipo tu.

Kuhusu kusubiri wachapishaji, Arusha ina sehemu yake kwenye kisa hiki na watu wa Arusha wengi hawakijui. Lile shirika lililochapa Mzimu lilikuja kuwa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu ya Jumuiya yalikuwa Arusha. Yale majengo makubwa ya mikutano ya kimataifa tunayoyaita AICC yalijengwa kwa ajili yake. Jumuiya ikavunjika 1977. Magazeti yaliandika juu ya ndege, reli na madeni. Habari za vitabu hazikuandikwa, lakini navyo viligawanywa kama vyombo vya talaka: upande wa Kenya shirika likazaliwa upya kama Kenya Literature Bureau, na huku kwetu riwaya nyingi zilizokuwa zikipatikana kwa urahisi zikaanza kuwa za kutafuta. Kizazi kizima kikakua kikiwasikia Katalambula na Abdulla kwenye mitihani tu, au kwa wajomba.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa watalii Arusha. Kazi ya dereva wa watalii, tofauti na watu wanavyodhani, nusu yake ni kusubiri: getini, uwanja wa ndege, nje ya hoteli mpaka wageni wamalize kifungua kinywa. Madereva walisoma. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na mfuko wa turubai wenye vitabu vya James Hadley Chase, vimebadilishana mikono mpaka kingo zimekuwa laini kama kitambaa.

"Mjomba, huyu jamaa ni Mmarekani?" nilimuuliza siku moja.

"Mwingereza. Na Marekani yenyewe hakuijua kihivyo."

"Sasa mbona anaiandika?"

"Ana ramani," akasema mjomba, akageuza ukurasa.

Ni kweli tupu. Jina halisi la Chase ni René Raymond, alizaliwa London mwaka 1906, akawa anauza vitabu, kisha akaona vinavyotoka dukani ni vya majambazi wa Kimarekani. Akatafuta ramani na kamusi ya lugha ya wahuni wa huko, akaandika. Kitabu cha kwanza kilitoka 1939, na hadi anafariki Uswisi mwaka 1985 alikuwa ameandika karibu vitabu 90, vingi vikitokea katika nchi aliyoitembelea mara chache kwa muda mfupi. Afrika Mashariki ilimsoma kwa pupa. Nadhani tulipenda kwamba hamna hotuba ndani yake: watu wanataka pesa, wanapanga, wanakosana, wanakufa. Mjomba alikuwa akisema Chase anafaa kwa safari kwa sababu ukikatishwa katikati unajua ulipoachia.

Sasa kama mtu wa London aliweza kuiandika Miami kwa ramani, sisi tunaokaa hapa tunaogopa nini? Nimetafuta riwaya ya upelelezi ya Kiswahili inayoishi Arusha au Moshi, isiyopita tu kupiga picha ya mlima, na mkono umerudi mtupu. Wakati Arusha ile, tangu 1995 hadi 2015, ilikaa na Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda katika majengo yaleyale ya AICC. Miaka 20! Kulikuwa na wakalimani waliosema kwa vinywa vyao maneno ya wauaji na ya manusura, siku hiyohiyo, kisha wakaenda kununua nyanya soko la Kilombero. Kulikuwa na wenye nyumba Njiro waliopangisha watu wasiouliza bei. Kulikuwa na mashahidi waliofika mjini bila majina. Mwandishi yeyote wa nje angeuza figo kupata mji wa namna hiyo.

Ila mimi ningeanzia Moshi, tena mwezi wa 12. Wachaga wanarudi nyumbani, magari yenye namba za Dar es Salaam yamepanga foleni kwenye njia za kupanda migombani, na kila ukoo unakutanisha watu ambao mwaka mzima wamezungumza kwa simu tu. Kuna kihamba, lile shamba la ukoo lenye migomba. Kwa mila kijana wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya baba, lakini aliyejenga nyumba ya tofali ni yule wa kwanza, mwenye pesa. Makaburi yako mle mle kihambani, kwa hiyo ukiuza ardhi unauza na babu. Na mipaka imepandwa masale. Asiyeyajua masale: ni mmea wa majani marefu ambao Wachaga huutumia kuonyesha mpaka, na huohuo ndio mtu hupeleka anapokwenda kuomba msamaha. Nipe mstari wa masale uliosogea mita moja kati ya Krismasi mbili na sihitaji jasusi wa nchi yoyote.

Sumu? Nchi ya kahawa haikosi. Agatha Christie, yule Mwingereza mwandishi wa riwaya za upelelezi, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay wakati wa vita ya kwanza ya dunia, akajua sumu zake kwa kipimo, na kitabu chake cha kwanza cha 1920 kilitegemea ujuzi huo. Huku kwetu kila stoo ya zamani ina bomba la kupulizia mikahawa na doa la mrututu, ile dawa ya mikahawa, ukutani, bluu isiyotoka kwa sabuni wala kwa miaka. Bluu ile kwenye ukucha wa mtu anayesema hajakanyaga stoo tangu enzi za ushirika ni ukurasa mzuri sana, na nautoa bure kwa atakayeuwahi.

Tatizo la kweli liko kwa polisi. Riwaya ya Kiingereza inaweza kumaliza kila kitu sebuleni. Yetu lazima ipite kituoni, na msomaji wa Kitanzania anaijua njia hiyo kuliko mwandishi. Anajua bila PF3, ile fomu ya polisi, majeruhi atasumbuka hospitali. Anajua sampuli itakwenda kwa Mkemia Mkuu, na majibu yatasubiriwa. Anajua mshtakiwa wa mauaji akifikishwa mbele ya hakimu ataambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka, kisha mwendesha mashtaka atasimama na ile sentensi ambayo ingefaa kuwa jina la kitabu: upelelezi haujakamilika. Ukimwandikia msomaji huyu inspekta anayefumbua kesi kwa siku tatu, atacheka. Kwa hiyo mpelelezi wangu hawezi kuwa askari. Wala hawezi kuwa mpelelezi binafsi mwenye ofisi na kadi. Hapa mjini mtu kama huyo angekuwa wa kwanza kushukiwa.

Awe mama mtu mzima. Nesi mstaafu, mweka hazina wa VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, asiyekosa msiba. Anajua nani alizaliwa lini na kwa nini ubatizo ulicheleweshwa. Watu watasema nimemwiba Miss Marple, yule bibi wa Christie aliyeingia kwenye riwaya mwaka 1930, anayefuma sweta na kujua kila uovu wa dunia kwa kuwa aliuona kwanza kijijini kwake. Na waseme. Marple angeielewa Kibosho, hapa juu ya Moshi, baada ya wiki moja. Lakini bibi yule hana hofu ambayo huyu wangu anayo: kesi ikiisha, Marple anarudi kwenye bustani yake, huyu anarudi kanisani kukaa benchi moja na ndugu wa aliyefungwa.

Kuna watakaoniambia hadithi za upelelezi hazijafa, zimehamia kwenye simu. Nazisoma, sana tu. Zilianza kwenye magazeti, ambako Eric Shigongo na wenzake waliwafundisha watu kusubiri toleo lijalo, sasa ziko kwenye magrupu: sehemu ya 41, sehemu ya 42, inaendelea kesho saa mbili usiku, wanaotaka mpaka mwisho watume elfu mbili. Nyingine zina kipaji kikubwa. Kasoro yake ni moja na ni ya kiufundi: anayeandika sehemu moja kila usiku mara nyingi hajui muuaji ni nani. Anamwongeza. Sehemu ya 60 anatokea pacha ambaye hatukuwahi kumsikia, na kesi inamwangukia. Abdulla hakufanya hivyo. Ukirudi nyuma kwenye Mzimu utakuta jibu lilikuwa mezani tangu mwanzo, limefunikwa kwa adabu. Riwaya ya aina hii lazima iandikwe ikitokea mwisho kurudi mwanzo, na simu haikupi nafasi hiyo, maana wasomaji wanapiga kelele "next" kabla hujapata hata usingizi.

Kwa anayetaka kuanza, ningesema hivi. Usianze na Willy Gamba, utaharibika ulimi kama anayeanza mlo na pilipili. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale, soma mchana, usiruke salamu hata moja. Halafu Simu ya Kifo, uone jinsi mji unavyobadilisha mpelelezi. Ukishavimaliza hivyo, Musiba na Mtobwa wasome mfululizo, kwenye basi la Dar, ndiyo mahali pake.

Vitabu vyenyewe bado vinaokotwa. Kuna kijana anatandika turubai si mbali na stendi ya Moshi. Nusu ya mali yake ni vitabu vya namna ya kuwa tajiri, na nusu ni maajabu. Juzi nilimkuta na Kosa la Bwana Msa, kile cha 1984.

"Hicho bei gani?"

"Elfu tano, dada."

"Elfu tano na hakina jalada?"

"Dada, hiki cha kizamani. Vya kizamani bei iko ndani."

Nililipa. Ninachokosa sasa ni Mke Mmoja Waume Watatu, nakala iliyokamilika, yenye kurasa zote. Mwenye nayo aniandikie hapo chini. Natoa Chase wawili wa mjomba, au watatu kama jalada lake bado lipo.